GB Inayokufa Saa Sita Usiku

Ukutani mwa kibanda, karibu na kituo cha magari ya 46 huko Kawangware, karatasi iliyochapwa kwa kompyuta imefungwa ndani ya plastiki ili mvua isiilowanishe. Bei za bando za Safaricom zimepangwa moja chini ya nyingine: 1GB saa moja, shilingi 19. 250MB saa 24, shilingi 20. 1.25GB mpaka saa sita usiku, shilingi 55. 1GB saa 24, shilingi 99. 350MB siku saba, shilingi 49. 2.5GB siku saba, shilingi 300. Chini kabisa kuna namba ya till, na maneno ya kumtuliza mteja: hata ukiwa na deni la Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio, unapata.

Matangazo ya aina hii yamejaa Nairobi, kuanzia River Road hadi Kangemi na Uthiru. Bei huongezwa shilingi moja au kupunguzwa mbili kadiri msimu unavyobadilika, ila mpangilio wake haubadiliki sana, na ndio unaostahili kuchunguzwa.

Chukua mfano wa mlinzi anayefanya kazi Lavington. Hutoka zamu saa kumi na mbili jioni, hutembea hadi Kawangware kuokoa nauli, hununua sukuma wiki, hupika, hula, na saa tatu usiku ndipo anapoikumbuka simu. Anasoma ile karatasi. Jicho lake linatua kwenye 1.25GB kwa shilingi 55, na nani atamlaumu? Ni data nyingi kuliko ile ya shilingi 99, kwa bei inayokaribia nusu yake. Ananunua. Anatazama mabao ya mechi ya jana, anajibu WhatsApp, anamtumia mama yake ujumbe wa sauti. Saa tano kasorobo usingizi unamshika simu ikiwa kifuani.

Ametumia kama 300MB. Nyingine zote zimekufa saa sita usiku yeye akikoroma. Kwa hesabu ya duka, kila GB ilikuwa shilingi 44. Kwa hesabu ya mlinzi, aliyelipa 55 akatumia 300MB, kila GB aliyoitumia kweli ilimgharimu shilingi 183. Ile ya wiki nzima, 2.5GB kwa 300, aliyoipita akiona ni ya matajiri, ni shilingi 120 kwa GB.

Hapo ndipo penye siri ya soko hili. Anayesimama mbele ya kibanda huona anauziwa data, kumbe kilichowekewa bei ni saa. Bando hilohilo la mpaka saa sita usiku, likinunuliwa saa kumi na mbili asubuhi, lina uhai wa saa kumi na nane. Likinunuliwa saa tatu usiku lina saa tatu tu. Bei haishuki hata senti. Ni kama kulipia chumba cha gesti kwa siku nzima halafu ukaingia saa moja kabla ya kufukuzwa.

Mtego huu wa saa haukuletwa na mkataba: Wakenya hawajui sana adha ya mkataba wa simu. Kule Marekani ilikuwa kawaida kwa miaka mingi mtu kutia sahihi mkataba wa miaka miwili, apewe simu nzuri kwa bei ya chini, kisha alipe kila mwezi atake asitake; laini za kulipia kabla, zisizo na mkataba, zilikuja huko kama njia ya kujiokoa. Hapa mambo yalianza upande wa pili. Tangu Safaricom na KenCell zilipoingia sokoni mwaka 2000, mteja wa kawaida alinunua laini, akakwangua kadi, akapiga simu mpaka pesa ikaisha. Mpaka leo zaidi ya asilimia 95 ya laini za simu nchini ni za kulipia kabla. Uhuru tunao, tena tele. Tatizo ni kwamba uhuru huo huja na menyu yenye milango hamsini, na kila mlango una bei na saa yake ya kufa.

Turudi kwenye karatasi ya ukutani tuisome upya, safari hii kwa bei ya GB moja. Ya saa moja ni shilingi 19. Ya mpaka saa sita usiku ni 44. Ya 250MB kwa 20 inakuwa 80. Ya saa 24 ni 99. Ya siku saba kwa 300 ni 120. Na ile ndogo ya siku saba, 350MB kwa 49, inafika 140. Bei inapanda jinsi uhai unavyorefuka. Kampuni inajua vizuri kwamba data ya muda mrefu itatumika karibu yote, na ile ya saa moja nyingi itabaki. Kuimaliza GB moja ndani ya dakika sitini kunataka simu ivute zaidi ya megabiti mbili kila sekunde bila kupumzika. Anayeandika ujumbe, akasoma habari mbili na kutazama picha za harusi ya binamu hafiki hata robo.

Kwa hiyo swali la kwanza si bei. Ni hili: simu hii hutumia MB ngapi kwa siku, na saa zipi?

Jibu lipo ndani ya simu yenyewe, na ni ajabu jinsi watu wachache hulitafuta. Kwenye simu za Android, mtumiaji akiingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, atakuta orodha ya programu zote na kiasi ambacho kila moja imekula mwezi huo. Mwenye subira ya wiki moja aandike namba hiyo kila asubuhi nyuma ya daftari. Wengi hushtuka mara mbili. Kwanza, kwamba WhatsApp waliyoilaumu haina hatia kubwa: simu ya sauti ya nusu saa kwa WhatsApp hula takriban MB kumi na tano hadi ishirini tu. Pili, kwamba video fupi zinazojicheza zenyewe, zile ambazo mtu huzipitia kwa kidole gumba akisubiri gari lijae pale Odeon, zinaweza kumaliza mamia ya MB kabla gari halijafika Westlands. Video ya YouTube kwa ubora wa 480p hula karibu nusu GB kwa saa. Ikipandishwa hadi 720p inakaribia GB moja au kuipita. Kwa kioo cha inchi sita, ndani ya matatu inayoyumba, tofauti ya ubora huo haionekani. Tofauti ya bei inaonekana.

Kuna mambo matatu ya kurekebisha kabla ya kununua bando lolote, na hayachukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Kiokoa Data kiwashwe, ili programu zisivute data zikiwa nyuma ya pazia. Duka la Google Play liamriwe kusasisha programu kwa Wi-Fi pekee. Na ndani ya WhatsApp, upakuaji wa picha na video kiotomatiki uzimwe kwa data ya simu. Hasa kwa aliye kwenye kundi la chama, kundi la kanisa, kundi la shule ya watoto, kundi la wenyeji wa ploti na kundi la mazishi ambalo marehemu amezikwa mwaka juzi lakini bado linatuma video za asubuhi njema.

Baada ya hapo kuna shimo ambalo limewameza wengi. Bando likiisha huku salio la kawaida lipo, simu huendelea kutumia intaneti ikichota kwenye salio hilo, na bei ya kuchota hivyo huwa ya juu kuliko ya bando lolote. Mtu ana kredo ya shilingi mia aliyoiweka ya kupiga simu nyumbani Jumapili. Jumamosi usiku imekuwa shilingi mbili na hajui ilikokwenda. Kwa laini za Safaricom, menyu ya *544# ina sehemu ya kuzuia salio lisitumike kwa intaneti. Aiingie mara moja, achague, na asahau. Njia nyingine ni kutoweka salio kabisa bali kununua bando moja kwa moja kutoka M-Pesa kupitia menyu hiyohiyo. Pesa iliyo M-Pesa haiwezi kuliwa na video inayojicheza yenyewe.

Okoa Jahazi nayo ina hesabu yake. Anayekopa shilingi mia hupokea tisini na kudaiwa mia. Asilimia kumi, watu husema, si kitu. Lakini mkopo huo ni wa siku chache, na anayekopa mara nane kwa mwezi amelipa shilingi themanini kwa kukosa shilingi mia moja mfukoni siku ya kwanza. Hakuna anayesema mtu asikope usiku mtoto akiwa na homa na simu haina salio. Huduma hiyo iliundwa kwa saa kama hiyo. Kuifanya njia ya kawaida ya kununua data ni kupunguza bando lako kwa sehemu moja ya kumi kabla hujalifungua.

Yapo pia mabando yasiyokufa. Historia yake ni fupi na inafurahisha. Kwa miaka mingi data iliyobaki ilifutwa muda ukifika, na wateja walinung'unika bila mlango wa kubisha. Oktoba 2019 wakili Adrian Kamotho alizipeleka kampuni za simu mbele ya baraza la rufaa la masuala ya mawasiliano kuhusu data inayoisha muda. Mwezi huohuo Safaricom ilitangaza bando zisizo na tarehe ya mwisho. Bei yake kwa MB ni ya juu kuliko ya bando za saa 24, na ndiyo sababu wachuuzi wa vibandani hawazipigii debe. Lakini kuna watu ambao zinawafaa kuliko yote. Mzee mstaafu wa Uthiru anayefungua WhatsApp asubuhi na jioni, akasoma vichwa vya habari na kuzungumza na mwanawe aliye ng'ambo mara moja kwa wiki, anatumia labda MB thelathini kwa siku. Kumuuzia 1GB ya saa 24 ni kumuuzia ndoo ya maji ili anawe mikono. Bando lisilokufa la shilingi mia linaweza kumchukua siku nyingi, na halimkimbizi.

Kinyume chake ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayeishi Kangemi. Ana Wi-Fi ya chuo mchana. Kazi yake kubwa ni kupakua masomo na video akiwa huko, na kubaki na kibando kidogo cha safari na cha usiku. Kwake 250MB za shilingi 20 zinatosha siku nyingi, na ile ya saa moja kwa 19 anainunua mara moja moja, akiwa na orodha tayari ya vitu vya kupakua. Hayo ndiyo matumizi halali ya bando la saa moja: kuketi, kupakua kwa haraka, kumaliza. Anayelinunua kisha akaanza kufikiria atazame nini ameshapoteza dakika kumi.

Dereva wa teksi ya programu, anayezunguka kati ya Westlands, Kileleshwa na Junction, ana shida tofauti kabisa. Ramani na programu ya wateja hazili data nyingi. Lakini zikikatika dakika tano, safari ya shilingi mia tano inakwenda kwa mwenzake. Yeye hapimi bei ya GB. Anapima bei ya kukatika. Kwa mtu kama huyo bando la wiki au lisilokufa, hata likiwa ghali kwa MB, ni bima, na laini ya pili ya kampuni nyingine inayokaa tayari ndani ya simu ni bima ya bima.

Na hapa inafaa kuzungumzia laini ya pili kwa kirefu, kwa sababu ndiyo dawa ambayo Wanairobi wenyewe waliivumbua bila kushauriwa na mtu.

Mwaka 2011 Kenya iliruhusu mteja kuhama kampuni akibaki na namba yake. Ilitarajiwa kwamba watu wangehama kwa maelfu kufuata bei. Hawakuhama. Sababu kubwa ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007 na ambayo kufikia wakati huo ilikuwa tayari ndiyo pochi, benki na daftari la madeni la nyumba nyingi. Nani ahame na namba ambayo mwenye nyumba, mama mboga na watu wa chama wanaijua kwa pesa? Badala ya kuhama, watu walinunua simu zenye matundu mawili ya laini. Laini ya Safaricom ikabaki ya pesa na ya kupigiwa; ya pili, iwe ya Airtel, Telkom au Faiba, ikawa ya intaneti. Mpango huu bado ni mzuri, na kwa watumiaji wengi wa data ndio unaookoa pesa kuliko hila nyingine yoyote, kwa sababu kampuni ndogo lazima zivute wateja kwa bei.

Lakini bei nzuri kwenye mtandao usioshika nyumbani kwako ni hasara. Mitaa ya magharibi mwa Nairobi ina tabia zake. Kileleshwa imejaa majengo marefu yanayokingana. Ghorofa ya pili nyuma ya jengo la ghorofa kumi na tano inaweza kuwa gizani wakati mwenzako wa ghorofa ya kumi anatazama video bila kukwama. Kangemi imeshuka bondeni na kupanda tena. Maduka ya chini ya ardhi Westlands yana habari yake. Ramani za kampuni, zenye rangi nzuri kila mahali, hazijui kitanda chako kimeegemea ukuta upi. Kipimo ni kimoja: kununua laini mpya, kuweka bando dogo kabisa, na kulijaribu pale hasa mtu anapokaa, kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Asubuhi saa nne kila mtandao una kasi.

Faiba inahitaji tahadhari ya ziada. Jamii Telecommunications iliizindua mwishoni mwa 2017 ikitumia masafa ya megahezi 700, ya 4G pekee, bila 2G wala 3G ya kuangukia. Uzuri wake ni kwamba masafa hayo hupenya kuta vizuri. Ubaya ni kwamba simu isiyotambua masafa hayo haioni chochote, na simu isiyo na uwezo wa kupiga kwa 4G itapata intaneti lakini haitapiga simu ya kawaida. Dawa ni kwenda na laini dukani, iingizwe kwenye simu mbele ya macho yako, ipigwe simu moja, kisha ndipo pesa itoke mfukoni.

Ushauri huo wa kuingiza laini kabla ya kulipa unafaa hata kwa asiyetaka Faiba, hasa kwenye maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue yanayouza simu zilizotumika ng'ambo. Hapo ndipo mkataba wa Marekani unapokutana na Mkenya ambaye hakuutia sahihi. Simu iliyouzwa huko kwa mkataba mara nyingi hufungwa isikubali laini ya kampuni nyingine. Ikifika hapa ikiwa bado imefungwa, inakuwa saa ya ukutani yenye kamera. Nyingine hufunguliwa kwa ujanja na kurudi kufungwa baada ya kusasishwa. Muuzaji mwaminifu hana shida ukiingiza laini mbili, ukapiga, ukafungua intaneti na kuizima simu kisha kuiwasha tena. Anayekwambia "hiyo iko sawa, nenda tu" ameshakujibu.

Mkataba una mlango mwingine wa kuingilia, nao umefunguliwa papa hapa. Julai 2020 Safaricom na Google zilianzisha Lipa Mdogo Mdogo: amana ya shilingi 1,000, kisha shilingi 20 kila siku kwa miezi tisa, na mtu anamiliki simu ya 4G. Baadaye kampuni nyingi za mikopo zikafuata mtindo huo, na vijana wake wa mauzo wenye fulana za rangi wanaonekana kila stendi. Kwa aliyekuwa na kabambe, simu ya vitufe, na anataka kuanza biashara mtandaoni, mpango kama huu unaweza kuwa ngazi. Ila ni mkataba, hata kama hakuna aliyelitaja neno hilo: usipolipa, simu inajifunga. Kabla ya kukubali, mnunuzi azidishe malipo ya siku kwa idadi ya siku, ajumlishe amana, kisha aulize bei ya simu hiyohiyo kwa pesa taslimu duka la pili. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo riba. Kisha aongeze na data: anayelipa shilingi 50 kila siku kwa simu na 50 kwa bando anatoa shilingi 3,000 kwa mwezi, na hiyo kwa nyumba nyingi za Kawangware ni sehemu kubwa ya kodi.

Dakika za kupiga simu hazihitaji maneno mengi siku hizi. Vita vya bei vya Agosti 2010, Zain ilipoteremsha dakika hadi shilingi tatu na wengine wakalazimika kuifuata, vilimaliza enzi ya kupiga simu kwa hofu. Ada ambayo kampuni hulipana mteja wa moja akimpigia wa nyingine nayo imekuwa ikiteremshwa na Mamlaka ya Mawasiliano; Machi 2024 ilifika senti 41 kwa dakika. Ndiyo maana bando nyingi za mchanganyiko sasa zina dakika za mitandao yote. La kuangalia ni moja tu: dakika zilizoandikwa ni za mtandao huo pekee au za wote? Asiyepiga simu nyingi asinunue mchanganyiko kwa sababu tu una vitu vingi.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba bei si moja kwa watu wote. Watu wawili walioketi kiti kimoja kwenye gari la 23, wote kwa Safaricom, wakibonyeza *444# ya Tunukiwa wanaweza kuona ofa tofauti, kwa kuwa ofa hizo hupangwa kulingana na matumizi ya kila laini. Wengi wa Nairobi huapa kwamba laini iliyonyamaza kwa muda hubembelezwa kwa ofa tamu kuliko ile inayotumika kila siku. Iwe kweli au la, la maana ni kutomfuata jirani. Bando zuri la jirani huenda halipo kwenye menyu yako kabisa. Menyu ya laini yako isomwe kwanza, ndipo karatasi ya ukutani isomwe. Mara nyingine bei ni ileile, na kununua mwenyewe kunakuachia ujumbe wa uthibitisho bila kumtegemea mtu.

Si kwamba wachuuzi wa bando ni wezi. Wengi ni mawakala halali, vijana waliopata riziki. Lakini wakala halali anahitaji vitu viwili tu: malipo na namba ya kupokea bando. Anayeuliza PIN ya M-Pesa, namba ya kitambulisho au ujumbe wa tarakimu uliotumwa sasa hivi kwenye simu hauzi bando. Vilevile kwa simu zinazopigwa na "wahudumu": Safaricom huwapigia wateja wake kwa namba moja, 0722 000 000. Na anayehofia laini yake kuhamishiwa kwenye kadi nyingine bila yeye kujua anaweza kubonyeza *100*100# ili uhamisho usifanyike kwa wakala wa mtaani.

Laini za pili na za tatu zina deni moja la usafi. Mtu hununua ya ofa, ofa ikaisha, akaitupa droo ya jikoni. Baada ya muda mrefu bila kutumika, laini huzimwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kama ndiyo uliyoiandikisha benki au kwenye eCitizen, tarakimu zako za siri sasa zinaenda kwa mgeni. Kubonyeza *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na wengine hukuta humo namba wasizozijua kabisa. Hizo ni za kuripoti siku hiyohiyo.

Kuna pesa ambayo hakuna bando litakalookoa. Kwa kiwango kilichowekwa na Sheria ya Fedha ya 2023, huduma za simu na data zina ushuru wa asilimia 15, na juu yake asilimia 16 ya VAT. Katika kila shilingi mia, karibu ishirini na tano ni za serikali. Kampuni zote ziko chini ya mzigo huo mmoja, kwa hiyo hauna nafasi kwenye ulinganisho, ila unaeleza kwa nini hata bando la bei ya chini halishuki chini zaidi.

Na kuna wakati ambapo jibu si bando. Nyumba yenye watu wanne wenye simu janja, kila mmoja akinunua la shilingi 50 kwa siku, inatoa shilingi 6,000 kwa mwezi bila mtu yeyote kuhisi, kwa sababu zinatoka kidogo kidogo. Intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, kama ile ya Poa Internet ambayo imejulikana mitaani kwa bei ya takriban 1,500 kwa mwezi, ni robo ya pesa hizo. Hata majirani wa ploti moja wakilipia pamoja mtambo mmoja, kwa makubaliano yaliyoandikwa na kwa kampuni inayoruhusu, bado wanabaki na chenji. Kinachozuia wengi ni kwamba 1,500 hutakiwa siku moja, na hamsini haina siku.

Mlinzi wa Lavington hana nyumba ya watu wanne. Ana chumba, simu na usiku mfupi. Baada ya wiki moja ya kuandika namba kwenye kifuniko cha daftari la zamu, aliona kwamba hutumia kati ya MB mia mbili na mia nne kwa siku, na kwamba karibu nusu yake ni video za mpira. Sasa saa kumi na mbili asubuhi, akisubiri mwenzake wa usiku amkabidhi rungu na redio, hununua 250MB za shilingi 20 zinazomchukua hadi kesho alfajiri. Siku yenye mechi kubwa huongeza ile ya saa moja kwa 19, lakini hainunui akiwa kitandani. Huketi juu ya kreti la soda nje ya kibanda, mahali ambapo simu inashika vizuri kuliko ndani ya mabati, anachagua video tatu, anashusha ubora hadi 480p, na ndipo anapobonyeza kulipa. Saa tatu na dakika nne zinaanza kuvutwa. Saa tatu na nusu zimefika zote, na anaenda kuzitazama kwake bila data.

Mwenye kibanda, anayezifahamu bei zake kama anavyozifahamu namba za watoto wake, alimuuliza juzi mbona hanunui tena ile ya 55. Akamjibu kwamba ile ni ya watu wasiolala.